Arepa ya kuku na parachichi: hujazwa kabla ya kuiva au baada ya kuiva?

#1 Kijungujiko
Wakuu, salamu. Nimekuwa nikifuatilia maelekezo ya kupika arepa, ile mikate minene ya mahindi ya Venezuela na Kolombia, na hasa arepa iitwayo reina pepiada, ambayo hujazwa kuku aliyechambuliwa na kuchanganywa na parachichi. Wanaofundisha wamegawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza linasema uchukue donge bichi, ulitoboe katikati, utie kuku, ulifunge na kulipika. Kundi la pili linasema upike mkate mtupu hadi uive, uupasue ubavuni, kisha ndipo utie kuku wako.

Msimamo wangu ni kwamba njia ya kwanza haifai kwa chakula hiki, na ndiyo chanzo cha malalamiko mengi ya mikate kupasuka. Kuku wa kuchemsha ana maji, na parachichi lina maji na mafuta. Vikipata joto ndani ya donge lililofungwa, mvuke hutafuta pa kutokea, na kwa kuwa mahindi hayana guluteni inayovutika kama ile ya ngano, donge halitanuki bali hupasuka. Mwenye hoja tofauti ailete hapa, lakini ailete na sababu.

#2 Pilipili Tamu
Nakuunga mkono, na ninaongeza sababu uliyoiacha. Parachichi likipashwa moto sana huwa chungu, na mayonezi ikipata joto hukatika, mafuta yakajitenga. Kwa hiyo hata kama donge lingevumilia bila kupasuka, kilichomo ndani kingekuwa kimeharibika.

Mchanganyiko ninaoutumia ni huu. Kidari cha kuku huchemshwa kwa moto mdogo pamoja na kitunguu na chumvi, kikaachwa kipoe ndani ya supu yake ili kisikauke, kisha kikachambuliwa nyuzinyuzi kwa mkono. Parachichi moja lililoiva hupondwa kabisa na la pili hukatwa vipande vidogo, kwa sababu lile lililopondwa ndilo linaloshika kuku pamoja, na vile vipande ndivyo vinavyokufanya ujue kwamba unakula parachichi. Halafu huingia mayonezi kidogo, kitunguu kilichokatwakatwa, majani ya giligilani, ndimu na chumvi. Huko Venezuela wengi huongeza ají dulce, pilipili ndogo yenye harufu ya pilipili kali lakini isiyowasha, na asiyekuwa nayo anaweza kutumia pilipili hoho.

#3 Mchongoma
Mleta uzi, umejenga nyumba kubwa juu ya msingi mwembamba. Ukisema kwamba donge la mahindi lililofungwa lazima lipasuke kwa mvuke, utatuelezaje kuhusu pupusa ya El Salvador? Ile, donge likiwa bado bichi, hujazwa jibini, maharagwe au nyama ya nguruwe iliyopikwa na kusagwa, ikafungwa, ikapigwapigwa viganjani hadi ikawa bapa, ndipo ikawekwa juu ya bamba la moto. Haipasuki, na ikipasuka ni kidogo tu, jibini likachungulia na kuungua pembezoni, na walaji wenyewe huipenda hivyo.

#4 Kijungujiko
Pupusa si arepa, mkuu. Ni nyembamba zaidi, inaiva upesi, na unga wake hutokana na mahindi yaliyochemshwa kwa chokaa. Hoja yangu inahusu arepa nene.

#5 Mchongoma
Kumbe sasa sheria ya mvuke inafanya kazi kwenye nchi moja na kupumzika kwenye nchi nyingine. Nitaendelea kufuatilia.

#6 Jembe Butu
Kabla hamjatoana macho, ipo njia ya tatu ambayo nyote wawili mmeiruka. Katika pwani ya Karibi ya Kolombia kuna arepa de huevo. Donge la unga wa mahindi ya njano hukaangwa kwenye mafuta mengi hadi likavimba, likaepuliwa, likatobolewa ubavuni, yai bichi likamiminwa ndani, tundu likazibwa kwa kibonge cha unga, na arepa ikarudishwa kwenye mafuta hadi yai liive. Hiyo imejazwa ikiwa nusu imeiva. Haiko upande wa mleta mada wala upande wa Mchongoma, na yai lenyewe limejaa maji, lakini arepa haipasuki kwa sababu ganda la nje limekwisha kukakamaa.

Kwa maoni yangu swali haliko kwenye kabla au baada. Swali ni kwamba ganda limefikia hali gani wakati ule kilichomo ndani kinapoanza kutoa mvuke.

#7 Mama Wawili
Samahani kwa kuingilia. Mimi nina tatizo la msingi kuliko hilo. Mwanangu wa pili hawezi kula ngano, na ndiyo sababu nikaanza kujifunza arepa. Mikate yangu hupata nyufa pembezoni hata nikiipika mitupu kabisa, bila kuku wala parachichi, na nikiipasua ndani huwa kama mchanga uliolowa. Ninatumia unga wa mahindi wa kawaida uliokobolewa, laini kabisa, na maji ya uvuguvugu kama maelekezo yanavyosema. Kama nadharia ya mvuke wa kuku ni ya kweli, mikate yangu inapasuka kwa nini?

#8 Kijana wa Maabara
Mama Wawili, swali lako lina jibu fupi na jibu refu. Fupi ni kwamba huo unga siyo wenyewe.

Jibu refu ni hili. Unga wa arepa unaouzwa kwenye pakiti umekwisha kupikwa kabla haujafika kwako. Kiwandani punje hutolewa ganda na kiini, zikapikwa kwa mvuke, zikabanwa kati ya silinda hadi zikawa bapa, zikakaushwa na kusagwa. Wanga wa mahindi huanza kuvimba na kushikana unapofika kwenye nyuzijoto 60 na ushei hadi 70 na kitu. Wanga uliokwisha kupita hapo, ukakaushwa, hunywa maji hata yakiwa ya baridi na kugeuka kuwa kitu kinachonata. Unga wako umesagwa ukiwa mbichi. Ukiukanda kwa maji ya uvuguvugu, chembe zake zinabaki zimefumba, maji yanakaa katikati yake bila kuzishikanisha, na ndiyo maana unapata mchanga uliolowa.

Unga huo uliotangulia kupikwa uliingia sokoni Venezuela mwaka 1960 kwa jina la Harina P.A.N., ukitengenezwa na kampuni ya Polar, ambayo hadi wakati huo ilijulikana zaidi kwa bia. Kabla ya hapo mtu alilazimika kutwanga, kuchemsha na kusaga mahindi yake mwenyewe. Kampuni hiyo ndiyo iliyovumbua njia ya kuepuka kazi hiyo.

#9 Mchongoma
Tuliitwa kwenye kuku, sasa tunapelekwa kiwandani. Nasubiri kuambiwa bia ile ilikuwa ya rangi gani.

#10 Bwana Kinu
Naomba kusahihisha bandiko la #8 kwa heshima zote. Polar ndiyo iliyoufikisha unga ule kwenye kila jiko, hilo halina ubishi, lakini haikuwa ya kwanza kuufikiria. Mhandisi wa Venezuela aitwaye Luis Caballero Mejías alipata hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, ya unga wa mahindi uliopikwa, mwaka 1954, miaka sita kabla ya pakiti za Polar kutoka. Kila unapozungumzia chanzo cha unga huu, jina lake linastahili kutangulia.

Pia umesema kana kwamba kabla ya 1960 kulikuwa na njia moja tu. Zilikuwapo mbili, na zote bado zipo. Ya kwanza ni ya kinu: mahindi hutwangwa kwenye kinu cha mbao ili ganda na kiini viondoke, yakapepetwa, yakachemshwa hadi yakawa laini bila kurojeka, kisha yakasagwa yakiwa bado na unyevu, na donge likakandwa papo hapo. Ya pili huitwa arepa pelada, inayopikwa zaidi magharibi ya nchi hiyo, ambako ganda halitwangwi bali huondolewa kwa kuchemsha mahindi pamoja na chokaa au majivu. Ladha yake ni nzito zaidi na rangi yake huelekea kwenye kijivu au njano. Sasa mrudie Kijungujiko, ambaye kwenye #4 alimkataa mwenzake wa El Salvador kwa kosa la kutumia chokaa. Je, na arepa pelada nayo tuifukuze kwenye ukoo?

#11 Kijungujiko
Sikumfukuza mtu. Nilisema unene na upesi wa kuiva ndivyo vinavyotofautisha, na chokaa nikaitaja kama nyongeza. Ila nakubali kwamba chokaa peke yake haitoshi kutenganisha.

#12 Kijana wa Maabara
Ahsante, Bwana Kinu, taarifa ya hataza nimeipokea. Kwenye chokaa nina la kuongeza, kwa sababu linagusa mvutano wa #3 na #4. Chokaa hulainisha kuta za punje na kuachia vitu vyenye kunata, na madini yake ya kalisi husaidia donge kushikana. Kwa hiyo donge la chokaa linavumilia kufungwa na kubanwa kuliko donge la unga wa pakiti. Huenda pupusa haipasuki kwa sababu ya chokaa, wala si kwa sababu ya wembamba wake. Chokaa pia huachia vitamini B3 ambayo mahindi huwa nayo lakini mwili hauipati kwa urahisi, na jamii zilizotegemea mahindi bila kujua njia hiyo ziliugua pelagra, ugonjwa wa kukosa vitamini hiyo. Unga wa pakiti wa Venezuela hauna chokaa, lakini tangu 1993 nchi hiyo imeuwekea sharti la kuongezewa madini ya chuma na vitamini.

#13 Sina Haraka
Ninyi mmezidisha kemia. Nilipata kuishi nyumba moja na familia ya Wavenezuela huko Madrid, na jiko tulikuwa tukitumia kwa zamu. Unga wao ulikuwa uleule wa pakiti, na bado mgeni akijaribu kukanda mikate ilipata nyufa, ilhali mama wa nyumba hata ufa mmoja hakupata. Tofauti ilikuwa kwenye mambo mawili.

La kwanza, yeye alianza na maji, siyo na unga. Alitia maji na chumvi kwenye bakuli, akanyunyiza unga kidogokidogo huku akikoroga kwa vidole, akasimama donge likiwa bado linaonekana kama limezidi maji, akaliacha litulie kwa dakika tano hivi, na liliporudi mikononi lilikuwa limekwisha kunywa kila tone. Asiye na subira huona donge limelegea, akaongeza unga, na baada ya muda mfupi donge likawa kavu. La pili, alikuwa na bakuli la maji pembeni, akilowesha viganja kila alipoumba mkate mmoja, na ukingo aliuzungushia kidole kilicholowa hadi ukawa laini kabisa. Ufa ambao hauuoni kwenye donge bichi utauona kwenye bamba la moto.

Kwa kipimo, alikuwa karibu na vikombe viwili vya unga kwa vikombe viwili na nusu vya maji, lakini hakuwahi kupima mbele yangu, na ninaamini kwamba kipimo ndicho kinachowapotosha wengi.

#14 Mkaa Mweusi
Mmetaja unga, maji, mikono na chokaa, na hakuna aliyetaja moto. Mwenye bamba lenye moto mkali hupata ganda gumu upesi kabla ya ndani kupata joto. Ndani inapoanza kuchemka baadaye, mvuke unakuta ukuta umekauka, na ukuta mkavu hupasuka mahali palipo dhaifu, yaani pembezoni. Hata mkate mtupu una maji ya kutosha kufanya hivyo, kwa hiyo Mama Wawili hahitaji kuku ili apate nyufa.

Kazi ya budare, lile bamba la duara ambalo zamani lilikuwa la udongo na siku hizi ni la chuma, ni kuweka ganda jembamba pande zote mbili kwa moto wa wastani, kama dakika tano kila upande. Kuiva kwa ndani ni kazi ya tanuri, kwenye nyuzijoto 180 hivi, kwa dakika kumi na tano au ishirini, hadi ukigonga mkate kwa kidole usikie sauti ya kitu chenye uwazi ndani. Asiye na tanuri ashushe moto, afunike na kuwa mvumilivu. Wapo pia wanaotumia mashine ya umeme yenye vishimo vya duara, inayopika pande zote mbili kwa pamoja, lakini ganda lake huwa laini mno kwa kuku mwenye majimaji.

#15 Jembe Butu
Hilo la #14 ndilo nililolisema kwenye #6 kwa maneno machache: hali ya ganda wakati mvuke unapoanza. Isipokuwa yeye anataka ganda lichelewe na mimi ninataka liwahi. Kwenye mafuta mengi ganda linawahi sana, na bado arepa inavimba vizuri bila kupasuka.

#16 Mkaa Mweusi
Mafuta yanashika mkate pande zote kwa wakati mmoja, ndugu yangu. Bamba linashika upande mmoja huku ukingo ukiwa hewani. Huwezi kulinganisha.

#17 Mama Wawili
Nashukuru. Nimefuata ushauri kwa kadiri nilivyoweza. Unga wa pakiti sikuupata, kwa hiyo nilichukua theluthi ya unga wangu nikaupika uji mzito, nikauacha upoe kidogo, kisha nikaukandia unga uliobaki na kuliacha donge litulie. Ukingo niliulainisha kwa kidole kilicholowa na moto niliushusha. Nyufa zimepungua sana na ndani hapana mchanga tena, ingawa mkate ni mzito kuliko ninavyouona kwenye picha. Tatizo ni kwamba nimebadilisha kila kitu kwa pamoja, kwa hiyo sijui nimshukuru nani kati ya Kijana wa Maabara, Sina Haraka na Mkaa Mweusi.

#18 Kijana wa Maabara
Mshukuru uji, dada.

#19 Sina Haraka
Shukuru kuliacha donge litulie.

#20 Mkaa Mweusi
Ulishusha moto, ndiyo maana.

#21 Bwana Kinu
Uzito anaoulalamikia Mama Wawili unatokana na ile sehemu ya unga iliyoingia ikiwa mbichi. Akipata mahindi yaliyokobolewa, ayachemshe hadi punje ikatike kwa meno bila kubaki na kiini kigumu, ayachuje vizuri, ayasage yakiwa bado na uvuguvugu, na ayakande na chumvi tu. Ni kazi ya saa nzima au zaidi, lakini hahitaji pakiti ya mtu. Wakati Venezuela ilipopitia uhaba mkubwa wa bidhaa katika muongo wa 2010, unga wa pakiti ukatafutwa kwa foleni, wapo waliorudia kuchemsha na kusaga mahindi nyumbani.

#22 Nanasi Bivu
Nina swali la kuwarudisha kwenye kuku. Nimeona maelekezo ya arepa yenye "kuku wa kitropiki", ambamo badala ya parachichi peke yake huwekwa pia embe au nanasi. Je, ni kitu cha Venezuela kweli, au ni watu wameona neno kitropiki wakatafuta tunda lolote lililo karibu? Nanasi hasa linanivutia, kwa sababu ambazo jina langu linazieleza.

#23 Pilipili Tamu
Kwenye reina pepiada ninayoifahamu hakuna embe wala nanasi. Utamu wake unatoka kwenye parachichi na ukali kidogo wa ndimu, na ukiongeza tunda tamu unapoteza ile hali ya ubaridi na ulaini unaokutana na mkate wa moto. Sikukatazi kula unachopenda, ila usikiite kwa jina hilo.

#24 Mchongoma
Mlinzi wa jina amefika. Chakula kimeitwa kwa heshima ya mshindi wa Miss Universe wa mwaka 1955, basi nacho kimepewa taji lisiloguswa.

#25 Bwana Kinu
Si Miss Universe, Mchongoma. Susana Duijm alishinda Miss World jijini London mwaka 1955, akiwa Mvenezuela wa kwanza na pia mwanamke wa kwanza kutoka Amerika ya Kusini kulitwaa taji hilo. Kwenye Miss Universe ya mwaka uleule alishiriki, akafika nusu fainali, lakini taji lilikwenda Uswidi. Venezuela ilingoja hadi 1979 kwa Maritza Sayalero ndipo ikapata Miss Universe wake wa kwanza. Arepa hiyo ilibuniwa Caracas na ndugu wa ukoo wa Álvarez, waliokuwa na mgahawa wa arepa, kwa heshima ya Duijm baada ya ushindi wake.

#26 Mchongoma
Nimesahihishwa. Taji limehama, parachichi limebaki.

#27 Kijana wa Maabara
Nanasi Bivu, weka jina pembeni kidogo. Nanasi bichi lina kimeng'enya kiitwacho bromelaini ambacho huvunja protini. Ukilichanganya na kuku na kuuacha mchanganyiko kwa muda mrefu, nyuzi za kuku hulegea na kuwa kama uji, na mchanganyiko hutoa maji. Papai bichi lina kimeng'enya cha aina hiyo pia. Joto huviua vimeng'enya hivyo, kwa hiyo nanasi lililochomwa kwanza kwenye kikaango, au lile la kopo, halina hatari hiyo. Embe halina tatizo hilo kwa kiwango cha kukusumbua. Tatizo la embe ni maji tu, na ukichagua lile ambalo halijaiva sana, gumu kidogo na lenye uchachu, utapunguza hata hilo.

#28 Nanasi Bivu
Kwa hiyo nanasi lililochomwa linaruhusiwa. Nashukuru, nimepata nusu ya nilichotaka.

#29 Kijungujiko
Hapo ndipo hoja yangu ya mwanzo inapopata nguvu. Kila tunda mnaloongeza linaongeza maji. Ukilifunga ndani ya donge bichi utakuwa umeliongezea mvuke mara mbili. Mkate uliokwisha kuiva ukiupasua, ukauacha mvuke wake utoke kwa dakika moja, ukakwangua ule ulaini wa ndani kidogo na kupaka siagi kwenye kuta zake, siagi inazuia maji ya kuku kupenya kwenye mkate. Hakuna namna ya kupaka siagi ukutani ikiwa donge limefungwa.

#30 Mchongoma
Siagi ni hoja nzuri, hiyo nakupa. Lakini bado hujanijibu kuhusu jibini. Huko Kolombia arepa hujazwa jibini kabla ya kupikwa, nyingine hukandwa nalo kabisa ndani ya donge, na ni arepa kwa jina na kwa nasaba. Useme tu kwamba parachichi halifai kufungwa, nami nitakaa kimya. Ukisema arepa haijazwi kabla ya kuiva, utakuwa umewaondoa Wakolombia wote mezani.

#31 Jembe Butu
Wakolombia wenyewe hawangekubali kukaa meza moja na Wavenezuela kwenye suala hili. Huko Antioquia arepa ni nyembamba, nyeupe, mara nyingi haina hata chumvi, na haijazwi chochote. Hukaa pembeni ya chakula au huwekewa kitu juu. Huko Boyacá ni ya njano, tamu kidogo na ina jibini ndani. Venezuela ndiko hasa walikoifanya kuwa mfuko wa kubebea chakula. Kwa hiyo neno moja limebeba vyakula kadhaa, na ninyi wawili mnabishana kila mmoja akiwa na chake mkononi.

#32 Pilipili Tamu
Na hata Venezuela kwenyewe vya kujazia ni vingi mno. Kuku na jibini la njano lililokwaruzwa ni catira. Nyama ya ng'ombe iliyochambuliwa pamoja na jibini hilohilo ni pelúa. Maharagwe meusi na jibini jeupe ni dominó. Reina pepiada ikiongezewa jibini la njano inakuwa sifrina. Na ile isiyojazwa kitu huitwa viuda, yaani mjane. Nanasi Bivu, kama unataka ukoo wa kuingiza nanasi lako lililochomwa, jaribu kwenye catira, maana chumvi ya jibini itavumilia utamu kuliko parachichi litakavyovumilia.

#33 Sina Haraka
Nyongeza kuhusu parachichi. Yale makubwa yenye ganda la kijani nyororo yana maji mengi na mafuta machache kuliko Hass, lile dogo lenye ganda la kukwaruza. Kwa kazi hii Hass linashika kuku vizuri, na yale makubwa hulegeza mchanganyiko baada ya muda. Asiye na Hass apunguze mayonezi, asipunguze parachichi.

#34 Mama Wawili
Nina swali la mwisho kwa upande wangu. Nikitaka kuwafungia watoto chakula cha kesho, je, mchanganyiko wa kuku na parachichi unalala? Na mikate je?

#35 Kijana wa Maabara
Kuku aliyechambuliwa analala vizuri akiwa kwenye jokofu, chini ya nyuzijoto 5, ndani ya chombo kilichofunikwa. Parachichi hugeuka rangi linapokutana na hewa. Ndimu huchelewesha hali hiyo lakini haiizuii, na kulitunza na kokwa lake hakusaidii zaidi ya pale kokwa linapofunika. Kwa hiyo kuku, kitunguu na mayonezi viandaliwe usiku, parachichi liingie asubuhi, na kisikae nje ya ubaridi zaidi ya saa mbili.

Mikate hukakamaa ikipoa kwa sababu wanga hujipanga upya. Hilo si kuharibika. Ikirudishwa kwenye bamba au tanuri inalainika tena.

#36 Sina Haraka
Mikate isilale imeiva. Donge lililoumbwa lilale likiwa bichi, limefunikwa kwa kitambaa kilicholowa ndani ya jokofu, na lipikwe asubuhi. Likipikwa asubuhi ganda lake halina mfano.

#37 Mkaa Mweusi
Donge lililolala kwenye ubaridi litapasuka likikutana na bamba la moto. Lipike nusu usiku, mpaka lipate ganda pande zote mbili, na tanuri limalizie asubuhi.

#38 Jembe Butu
Nusu kuiva, kama nilivyosema kwenye #6.

#39 Mama Wawili
Nitalaza mawili mabichi, mawili yenye ganda na mawili yaliyoiva kabisa. Majibu nitayaleta kesho jioni, mkiwa bado hamjahamia kwenye cachapa.

#40 Mchongoma
Cachapa ni ya mahindi mabichi yaliyosagwa, na hiyo hukunjwa na jibini ndani baada ya kuiva. Kijungujiko, usishangilie bado.